Daftari la Chumba cha Kusubiri

Daktari wa meno aliacha gari nyuma ya posta, akiwa amevaa shati lililochakaa ukosi, akaingia ofisi ya shule kwa mwendo wa mtu aliyefilisika. Kila alikouliza aliambiwa ufadhili ni wa wasio nacho. Yeye alikuwa nacho, ila si cha kutosha chuo alichochaguliwa bintiye, na kaka wawili wa binti huyo wako vyuoni tayari. Bila ufadhili, binti angebaki nyumbani.

Karani wa shule, ambaye watoto humwita Mama Faili, alimtazama kuanzia chini. Viatu alikuwa amevisahau, vinang'aa.

"Daktari, hilo shati umeliazima kwa nani?"

"Mama, nisaidie. Nimekwama."

"Hujakwama, umekosea mlango tu. Kuna ufadhili wa shida na kuna wa kichwa. Binti yako kichwa anacho."

Mama Faili husoma fomu kuanzia ukurasa wa mwisho, maana huko, kwa maneno yake, ndiko wakubwa huficha neema. Kwa mtindo huo amewapeleka vyuoni watoto wa mahakimu na wa mafundi viatu. Ukurasa wa mwisho wa fomu ya ufadhili wa kichwa ulisema hivi: kipato cha mzazi hakiulizwi, unatakiwa utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, kabla ya saa kumi leo.

Daktari aliisukuma fomu kando. "Utafiti? Hana!"

Mama Faili akavuta droo, akatoa daftari la buluu. "Kila Ijumaa anakuja kuuandika hapa. Bado sahihi yako tu, maana unahusu kliniki yako. Anaogopa utakataa."

Daktari akasoma amesimama. Miaka miwili binti alikaa chumba cha kusubiri, eti anafanya kazi za shule, kumbe kupitia mlango wa kioo alikuwa akihesabu sekunde ambazo wagonjwa mia nne na kumi na wawili walikaa wameng'ang'ania kiti. Aligundua kwamba daktari akiimba kwa sauti ya chini, mikono yao huachia mapema. Majedwali yalipangika ajabu. Daktari alistaajabu hadi akasahau kuketi: mtu wa akili hizi alikuwa akila naye meza moja!

Mstari wa mwisho ulisema: "Baba huimba zaidi siku ambazo yeye mwenyewe anaogopa."

Daktari alidhani hakuna aliyewahi kuusikia woga huo.

"Saa tisa na nusu, daktari," alisema Mama Faili, akimsogezea kalamu.

Daktari akaipokea kalamu. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akatia sahihi.