Wifi Aliyeonea Wivu Ndoto

Mdogo wangu Kasiani hucheka usingizini. Amezaliwa hivyo, na nyumbani kwetu Matombo hakuna aliyewahi kumhoji. Mkewe Kristina ndiye aliyetaka kujua anacheka na nani.

Kasiani ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la mchele Morogoro mjini, kwa hiyo hulala mchana. Kristina usiku halali kabisa; akibaki peke yake anaona ameachwa. Mume akirudi asubuhi anamrukia shingoni, anampikia chai, na jamaa akishapitiwa tu anamtikisa: "Amka! Ulikuwa na nani huko? Mbona mimi sikuwemo?" Akijibiwa "sikumbuki", vikombe vinaruka. Baadaye analia na kumwita malaika wake.

Nilimchukia, sifichi. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na dada ana sauti kwa nduguye. Huyu hakuniachia hata dakika ya kukaa na mdogo wangu. Nikishusha karoti kutoka mlimani, ananipokea mlangoni kama mtoza ushuru.

Kasiani akaanza kusinzia lindoni. Bosi akamwambia akikutwa tena amelala, kazi hana. Nikawaburuta wote wawili kwa daktari wa akili.

Daktari alisema Kristina ana ugonjwa wa haiba: hofu ya kuachwa imemtawala, na hisia zake hupanda na kushuka bila breki. "Asipolala, hofu inazidi. Hofu ikizidi, halali." Akampangia mazungumzo ya kila wiki na saa maalumu ya kulala.

"Kwa hiyo wifi, sijarogwa?" Kristina akaniuliza njiani.

"Nani apoteze dawa yake kwako?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Tangu hapo nikawa nashuka kulala kwao usiku ili asibaki peke yake, Kasiani akiwa lindoni, huku nikinung'unika. Miezi ilipita. Vikombe viwili vitatu bado viliruka.

Jumapili moja baada ya misa nikamkuta Kristina amelala mkekani, mchana kweupe, anatabasamu. Kasiani amekaa pembeni akimpepea kwa kanga, uso umemkunjamana.

"Dada, anacheka na nani huyu?" Mkono wake ulikuwa umeshafika begani kwa mkewe.

Nikaudaka. "Mwamshe uone nitakachokufanya."

Akaurudisha, akaendelea kupepea. Nami nikabaki nimesimama na kapu langu la karoti, wivu umenikaba, maana tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kukaa akanitazama nikilala.