Nafasi ya Emanikor Ndani ya Lori

Kuna watu huitwa mwalimu, wengine daktari. Kazi ya Emanikor wa Ngaremara haina jina, ingawa ameifanya mpaka ndevu zikaota mvi. Husafiri nyuma ya lori, katikati ya mbuzi, kutoka soko la mifugo la Isiolo hadi Nairobi. Mbuzi akilala, anamsimamisha. Asiposimamishwa, wenzake watamkanyaga mpaka afe, na mzoga hauna mnunuzi. Ni hayo tu.

Mawira, mwenye mbuzi, ni mtu wa hesabu. Siku moja alimtazama Emanikor kwa muda mrefu, akagundua kwamba pale anaposimama wanatosha mbuzi watatu.

"Wewe baki," akamwambia. "Nairobi hakuna mtu atakununua."

Akabaki. Lori likaenda na wale watatu wa ziada, likafika na mizoga mingi kuliko hiyo ziada. Tamaa mbele, mauti nyuma, wasema watu, ila hapa aliyetamani siye aliyekufa.

Siku ya soko iliyofuata, Mawira akamwita tena. Emanikor aliitaka hiyo kazi kweli kweli. Lakini alipochungulia ndani, mbuzi walikuwa wameshindiliwa, hakuna pa kukanyaga.

"Mzee, punguza. Hapa siwezi kuinama."

"Nafasi iko."

"Basi sipandi."

Alisema hivyo ingawa nyumbani unga ulikuwa umeisha.

Mawira, mtu mnene tena mbishi, akavua koti, akapanda mwenyewe kuonyesha kwamba nafasi iko. Akasimama katikati ya mbuzi, akajishika kiuno. Robow, dereva, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akawasha lori na kulisogeza ili lingine lipate njia.

Mawira akaenda chini. Mbuzi nao wakafanya kile wafanyacho mbuzi, wakaziba pengo. Hakuonekana tena. Ilisikika tu sauti ikisema, "Emanikor," kwa adabu ambayo soko lile halikuwa limewahi kuisikia kwake.

Emanikor akaparamia ubavu wa lori, akajipenyeza ndani, akapapasa mpaka akapata mshipi na ukosi wa shati. Akamsimamisha. Akamshikilia mpaka pumzi ikamrudia.

Mawira alijipangusa mavi kifuani, akamkamata mbuzi wa karibu, akampitisha juu ya ubavu kwa watu waliokuwa chini. Kisha mwingine. Akaendelea kushusha hata Emanikor alipomwambia imetosha.