Lenzi Ndefu ya Shakuru

Kwa miaka kumi Shakuru wa Buyenzi alikuwa akipiga picha za pasipoti, yaani watu waliokatazwa kucheka. Ndipo Amira, binti wa jirani, akamwomba apige picha za ndoa yake. Alitaka jambo moja kuliko yote: apigwe picha pamoja na bibi yake, ambaye alikuwa hainuki tena kitandani.

Shakuru akapata mjini kamera nzuri iliyokwisha tumika. Kwa bei ileile, muuzaji alimpa achague: lenzi fupi pamoja na betri ya akiba na mkoba, au lenzi ndefu, ile ya kuvuta vya mbali, peke yake.

"Chukua fupi," mkewe Hayat akamwambia. "Nyumba zetu ni ndogo."

"Apana! Niende kwa ndoa na kitu kama kopo ya nyanya? Nani ataniheshimu?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkewe, tutaona.

Asubuhi ya ndoa alifika kifua mbele, lenzi ikimtangulia. Wazee wakampisha. Akawaonyesha jinsi madirisha ya Kiriri, kule juu mlimani, yanavyoonekana karibu, akayapiga picha arobaini, mpaka akaitwa chumbani kwa bibi. Kitanda, sanduku, kiti, basi. Akachungulia: pua ya bibi. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akachungulia tena: pua ya bibi, na kidole cha Amira.

"Tayari?" Amira akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Bado kidogo." Shakuru aliona aibu hasa. Akafungua dirisha, akatoka mbio.

"Mupiga picha anakimbia!" wakapiga kelele wanawake wa pilau, huku wakimwondolea masufuria njiani. Akarudi kinyumenyume, lenzi ikielekea dirishani, mpaka mgongo ukagonga ua wa jirani. Sasa wote wawili walienea kwenye picha, lakini Amira alikuwa analia, na taa ya betri ilikuwa nyekundu.

Bibi akainua kichwa. "We Shakuru! Mi mugonjwa niko hapa, we muzima unakimbilia kwa jirani?"

Amira akaangua kicheko, akamwangukia bibi begani, na bibi naye akacheka kwa ufizi wake wote. Shakuru akabonyeza. Picha ikaingia, kamera ikazimika.

Bibi alizikwa mwezi uliofuata. Bwana harusi hana picha hata moja ya siku ile, na anamnunia Shakuru mpaka leo. Amira hajalalamika.