Kamera Mbele, Mtoto Mgongoni

Juzi mdogo wetu wa mwisho alinionyesha video ya komunio ya kwanza ya binti yake. Aliipiga kwa simu huku akitembea, na picha imetulia tuli. "Dada, simu hizi zinajituliza zenyewe," akasema. Nilicheka, lakini mabega yalinikakamaa kama zamani nilipobeba kamera.

Zamani hiyo tulikuwa tukiishi mtaa wa Mkuyuni, asubuhi zinanuka dagaa wa kukaanga. Wazazi wote wawili tulishawazika. Mimi, mkubwa, nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Video zilikuwa zimeingia mjini, na jirani yetu mpiga video alitafuta mtu wa kushika kamera ya pili. Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukanipaa, maana baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, kutugawa kwa ndugu.

"Ukipata kazi ya kueleweka, mwanangu, mtabaki pamoja. Usipopata, Jumapili naondoka na huyu mdogo," baba mdogo akaniambia.

Jirani alinijaribu uani kwake. Nilibana viwiko mbavuni, nikabana na pumzi, nikatembea. Tulipoitazama picha kwenye televisheni, ukuta wa ua ulicheza ngoma.

"Hee! Bwana harusi anaoa ndani ya mtumbwi?" mkewe akacheka.

"Achia pumzi, binti," jirani akasema. "Ukiibana, unatetemeka zaidi."

Mdogo wetu wa mwisho, bado mchanga, akaanza kulia. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, nikarudia. Miguu yenyewe ikashika mwendo niliouzoea: magoti yamelegea, nyayo zinatua taratibu, mtoto asishtuke. Ukuta ukatulia.

"Hivyo hivyo! Jumamosi uje naye."

Nilikwenda naye Buswelu, kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Wageni walinitania, "Jamani, leo kamera ina yaya!" Sikucheka. Niliogopa kila jiwe.

Jumapili baba mdogo alitazama mkanda ule kwa jirani, begi lake na la mtoto miguuni. Picha ilitulia. Bibi harusi alipokuwa akimlisha mama yake keki, ikaruka mara moja. Moyo wangu ukaruka nayo.

"Hapo vipi?" akauliza.

"Mtoto alipiga chafya, baba."

Alitazama mpaka mwisho. Kisha akaniachia begi dogo, akaondoka na lake.

Mkanda ule uliota ukungu, na jirani ameshafariki. Chini ya vigelegele ulikuwa na pumzi za mtoto amelala. Video ya simu imetulia kuliko zangu zote. Hairuki popote. Nilimwomba mdogo wangu airudie, nikaitegea sikio, nisikie kama nayo ina pumzi.