Siku Mama Alipofukiza Friji Yangu

Kila asubuhi nikimaliza kuswali nafanya kitu kimoja: natia mkono ndani ya friji niliyoiunda mwenyewe, nione kama imekubali kupoa.

Jumamosi nilipofungua mlango, ukatoka moshi.

Si moshi wa nyaya kuungua. Ule naujua, tumezoeana. Huu ulinukia vizuri, kama kibuyu cha maziwa.

Rafu ya kati ilikuwa na chetezo. Makaa bado mekundu.

"Hooyo," nikamwita mama polepole, "nani ameweka moto kwenye friji?"

"Mimi." Hata hakugeuka. "Chombo cha maziwa lazima kifukizwe. Ama huko chuo hawakuwafundisha?"

Hawakutufundisha. Diploma nzima ya majokofu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetaja makaa. Aibu kubwa kwa taifa.

Niwaeleze. Mama anauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Yanatoka Modogashe kwa lori, yanafika yamechoka, na kwa joto la huku, adhuhuri yameshachacha. Nikaokota kompresa ya friza iliyokufa buchani, feni ya gari, kabati la ofisi na sponji ya godoro. Friji ikazaliwa. Kwa sura, tuseme tu haitapata mchumba.

Katikati ya ujenzi nikapata kazi Lafey, kule mpakani ambako mabasi hushambuliwa njiani, kutunza friji za chanjo. Kuripoti Jumatatu. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama: siondoki kabla friji yake haijapoa.

Mama alitangazia soko zima. "Binti yangu anaenda Lafey, mashallah."

Tangu siku hiyo friji ikaanza kuugua. Mara waya wa feni umechomoka. Mara gunia la mkaa limeegemezwa kule nyuma inakotolea joto. Sasa chetezo, na mpira wa mlango umeyeyuka kama mshumaa.

Mjomba Korane akapita, akachungulia.

"Abti," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "hii ni friji ama ni jiko?"

"Bado naamua."

"Lafey watakupenda. Watoto watadungwa chanjo moto moto."

Alipoondoka nilikaa sakafuni na kisu, nikikwangua mpira ulioganda. Mimi si mtu wa kuuliza maswali. Chuoni nilikaa nyuma ya darasa mpaka nikahitimu. Ila kuna jambo lilikuwa limenikwama.

"Hooyo, ile mitungi yako ya plastiki, umewahi kuitilia makaa?"

"Plastiki? Una wazimu wewe? Si ingeyeyuka."

Kisha akasikia alichosema.

Mimi nikaendelea kukwangua. Sikuweza kumwangalia.

Kwa hiyo, wapendwa, mkiunda mtambo ukagoma kupoa, pimeni umeme, pimeni gesi, halafu mtazameni vizuri yule anayewasifu sana mbele za watu. Huenda kuna neno limemkaa kooni.

Mama akaketi kando yangu. Akanichukulia kisu, akaanza kukwangua yeye.

"Lafey wanasema maji ni ya chumvi," akasema.

"Nimesikia."

"Na joto lake si kama la hapa."

"Hooyo, hapa ni Garissa."

Karibu acheke. Kisu kikasimama.

"Acha maziwa yachache tu, Fartun, nitayamwaga. Mimi naiogopa ile barabara. Sitaki uende."