Maua ya Senge

Harufu ya udongo wa Kibomet unapopata mvua ya kwanza bado naikumbuka. Nilikuwa na miaka minane, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama alipojifungua mapacha kule Kimilili, nami nikapelekwa Kibomet, Kitale, kwa senge, dada ya baba, ambaye hakujaliwa mtoto. Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa langu siku ile ile. Tulipanda vitu kama vitunguu vidogo vya kahawia, mbegu ya maua ya rangi ya chungwa ambayo babu aliitoa katika bustani ya mzungu aliyemfanyia kazi.

“Hii maua ikichanua,” senge akasema, “nakurudisha kwa mamako. Si ni karibu tu?”

Basi nikawa mfungwa wa maua. Lango la mabati lilikuwa na kufuli, na kila nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja kuyakagua. Majani yalitoka, marefu na membamba. Mabua yakafuata, yakainama kwa uzito wa vitumba vya maua, nami nikafunga nguo zangu kwenye mfuko wa nailoni. Kesho yake mabua hayakuwepo. “Ni kuku ya jirani,” senge akasema. Yakatoka mengine, yakapotea vilevile. Nililia hadi kichwa kikauma. “Subira huvuta heri,” akanibembeleza, na methali ile nikaichukia kabisa.

Jumamosi moja nilikwenda kumwaga maganda ya viazi kwenye shimo la taka. Chini ya majani ya mgomba niliyaona mabua yangu, yamekatwa sawasawa, vitumba vingali vimefumba. Kuku hana mkasi. Niliyabeba yote hadi jikoni nikayaweka miguuni pake. Senge alijifunika uso kwa leso.

“Hii nyumba itanyamaza tena,” akasema.

Sikumhurumia hata chembe. “Nataka mama,” nikamwambia. Jumatatu akanirudisha.

Leo senge anaishi nami Bungoma. Macho yamefifia, miguu haimbebi, na paa la nyumba yake limebomoka, lakini kila asubuhi huomba nimrudishe Kibomet. Nilipochoka kumkatalia nilipanda maua yale chini ya dirisha lake, nikamwambia yakichanua tutakwenda. Jana aliuliza kama yamechanua.

“Bado, Senge.”

Aligeukia dirisha. “Ni kuku?”

Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu, bado una utomvu wa mabua.