Jioni ya Kumnusa Jogoo

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na robo jioni. Nilifika kwenye godauni la zamani la pareto nikiwa bado na sare za shule, nikamkuta jogoo wangu amesimama ndani ya tenga, amefumba macho. Manyoya yamemvimba kama amevaa koti la mtu mwingine, mabawa yameshuka. Nilimwita kwa ule mlio wetu wa ulimi. Hakugeuka.

Kesho yake yalikuwa maonyesho ya kuku na njiwa ya kikundi chetu. Huwa ndege wote wanalala godauni siku moja kabla, ili asubuhi wasionekane wamechoka na safari. Matenga yalishapangwa juu ya mabenchi, kuku upande wa mlangoni, njiwa dirishani. Jogoo wangu, mwekundu wa aina ya kuchi, alikuwa ameletwa na shangazi ninayeishi naye, kwa sababu mimi nilikuwa shule. Baba, anayefanya kazi kiwandani Mgololo, ndiye aliyeniletea huyo kuku akiwa kifaranga ndani ya boksi la viatu. Nimemlea jikoni mwenyewe. Kusema kweli ndiye ninayeongea naye kuliko mtu yeyote.

Mama mmoja aliyetoka Nyololo na kuku wake alipita, akasimama.

"Jamani, huyu mbona anasinzia?"

Watu wote wakaacha walichokuwa wakifanya, wakageuka. Njiwa tu ndio waliendelea kuguna. Kuna mwaka ugonjwa wa kideri ulipita kwetu, tukawa tunaamka kijiji kizima hakuna anayewika. Tangu hapo kikundi kina sheria: ndege akionyesha dalili anachinjwa palepale, anachomwa, na maonyesho yanavunjwa.

Mwenyekiti, mzee aliyestaafu udereva wa malori, alikuja anafunga vifungo vya koti. "Bwana mifugo yuko Mafinga, nampigia hapatikani. Kuku wa nani?"

Nikanyoosha mkono.

"Sema kwa mdomo, binti. Hapa hatuiti mahudhurio."

"Wangu. Asubuhi alikuwa mzima. Aliwika."

"Hata wale wa mwaka ule waliwika asubuhi," mtu akasema nyuma yangu.

Mwenyekiti akaomba kisu. Zogo likaanza. "Tumetoka mbali na baridi hii, turudi na matenga?" "Wewe baki, mimi wangu nawatoa sasa hivi!" Mimi nilikuwa nimeshaingiza mikono kwenye tenga nikambeba. Kwa juu alikuwa mkavu, lakini vidole vilipoingia ndani ya manyoya nilikuta maji, baridi kabisa. Nikainamisha uso, nikanusa. Sabuni ya unga, ile ya limau tunayofulia nyumbani.

Nikamtafuta shangazi kwa macho. Alikuwa kule kwenye njiwa wake, anamimina mtama kwenye kopo lililokwisha kujaa. Akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo tu.

Nikaelewa. Shangazi ndiye aliyependekeza sheria ya kwamba ndege haogeshwi wala hapakwi kitu. Maonyesho yaliyopita alimuumbua huyuhuyu mama wa Nyololo, aliyekuwa amempaka jogoo wake mafuta ya kupikia kwenye upanga wa kichwani: "Mwenzetu, kuku wako anaenda harusini?" Godauni zima lilicheka, jogoo akatolewa nje. Na sasa yeye amemwogesha wangu, kwenye ukungu huu ambao hata soksi hazikauki.

Kisu kikaja. Nikisema, namwaibisha mtu anayenipikia na kunipigia pasi sare. Nikinyamaza, jogoo anachinjwa.

"Mzee, naomba umnuse," nikasema.

"Unasemaje?"

"Umnuse kwanza. Hapa chini ya bawa."

Aliinama, akavuta pumzi, akanyanyuka, akainama tena. "Mh! Huyu kuku ameoga!"

"Basi ametushinda wengi humu ndani," mtu akasema, na kicheko kikapasuka. Mama wa Nyololo hakucheka. Aliuliza polepole, "Kumbe na huyu anaenda harusini? Nani kamwogesha?"

Nikaangalia sakafu. Hapo nisingesema hata kwa kisu. Nilisikia kopo linawekwa chini.

"Ni mimi," shangazi akasema. "Nilitaka ang'ae."

Lakini kisu hakikuondoka. Mwenyekiti alisema sabuni siyo cheti cha afya, kuku apashwe moto kwanza, kama ni baridi tutaona. Nikakaa kando ya jiko la mkaa walilokuwa wanachemshia chai, jogoo ndani ya sweta langu, kichwa chake kidevuni kwangu. Hakuna aliyefungua tenga wala aliyeondoka. Walinizunguka wakinywa chai, na mimi ninayeogopa kuangaliwa nikaangaliwa hadi chai ikaisha. Nilihisi moyo wake, mdogo, wa haraka. Halafu kitu kikanivuta. Alikuwa anadonoa kifungo cha sweta. Mtu akarusha punje ya mahindi, jogoo akaidaka.

"Ni baridi," mwenyekiti akasema, akamrudishia mwenye kisu kisu chake. "Maonyesho yapo. Huyu ameoga, atoke. Sheria ni ya wote."

Tulirudi nyumbani shangazi akiwa mbele, mimi nyuma na jogoo.

Asubuhi jogoo aliwika juu ya kuni. Shangazi alisema kichwa kinamuuma, hatakwenda, akageukia ukutani. Nikavaa sketi ya kanisani, nikaenda godauni peke yangu. Nikasafisha tenga la njiwa wake, nikawabadilishia maji, nikasimama pembeni yao. Wa kwanza kufika pale alikuwa mama wa Nyololo.

"Hawa wazuri. Wa nani?"

Mkono ulitaka kunyanyuka. Nikaushika kwa ule mwingine.

"Wa shangazi yangu," nikasema, kwa sauti.